Maswali ya Wasomaji: Maji Yanayokula Sabuni

Toleo lililopita tulijibu swali moja tu kuhusu nguo nyeupe kufubaa, tukasema inawezekana shida ni maji wala sio sabuni, basi tangu hapo barua zinamiminika, kuna walioandika ukurasa mzima na kuna waliotuma picha za birika zao. Mwezi huu safu yote tunayaachia maji. Barua tumezifupisha kidogo na majina tumeyaacha pembeni.

SWALI: Shikamoo dada. Nilikuwa naishi Mwanza, mwaka huu mume wangu kahamishiwa kazi Dodoma tukaja wote na watoto. Mwanza mche mmoja wa sabuni nilikuwa nafulia mpaka najisahau, huku mche huohuo hauvuki wiki na povu silioni, afu kwenye beseni kunabaki utando mweupe unanata hadi kwenye kucha, na mashati ya shule ya watoto yamekuwa ya kijivu na yamekakamaa. Nimebadilisha sabuni kila aina, hamna kitu. Jirani ananiambia ndo maji ya huku, nizoee. Kweli nizoee?
*Mama wa wanne, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni na kuhama. Wala usizoee. Sabuni zako hazina tatizo na ufuaji wako hauna tatizo, kilichobadilika ni maji. Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mvua haijapita kwenye mwamba wowote kwa hiyo haijabeba kitu, ndo maana maji ya Mwanza ni laini. Dodoma hakuna ziwa la namna hiyo wala mto wa mwaka mzima, mji unategemea sana visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji yakishakaa chini ya ardhi muda mrefu yanayeyusha madini ya kwenye mawe na udongo, hasa kalsiamu na magnesiamu. Hayo ndo maji magumu. Ukiyatazama kwenye glasi ni safi kabisa, jicho halijui, lakini sabuni inajua.

Kinachotokea kwenye beseni ni hivi. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, sasa ikikutana na kalsiamu inaiacha soda inaungana na kalsiamu, inakuwa kitu kingine kisichoyeyuka, ndo ule utando unaonata. Yaani huo utando ni sabuni yako uliyoinunua dukani, imeharibika kabla haijafanya kazi. Na povu haliji mpaka kalsiamu yote iliyomo kwenye ndoo iwe imeshashiba sabuni kwanza. Tupige hesabu kidogo: wataalamu maji yenye ugumu chini ya miligramu 60 kwa lita wanayaita laini, yakipita 180 wanasema ni magumu sana. Chukua maji ya miligramu 300, ndoo ya lita 20 itameza zaidi ya gramu 30 za sabuni kabla hujaona povu la maana. Ndoo moja tu hiyo. Halafu unakuja kusuuza kwa maji hayohayo, sabuni iliyobaki kwenye nguo inakutana na kalsiamu mpya, utando unajiunda ndani ya nyuzi za shati na unakaukia humo, ndo ukijivu wako na ndo kukakamaa kwenyewe. Ukizidisha kusugua unachakaza kitambaa na doa liko palepale.

Kabla hujatoa hela kwa ajili ya chochote fanya jaribio hili. Tafuta chupa mbili za plastiki zinazofanana, moja tia maji ya bomba nusu, nyingine maji ya mvua nusu. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, tia kiasi kilekile kidogo kwenye kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu. Ya mvua itajaa povu zito linalokaa, ya maji magumu itakuwa na mawingu na vijipande vinaelea juu na povu litapotea pale pale. Jaribio hili usifanye kwa sabuni ya unga, ile wameitia viungo vya kuishika kalsiamu kwa hiyo inatoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya. Na hiyohiyo ndo sababu ukikosa maji laini kabisa, nguo nyeupe ni bora uzifulie sabuni ya unga kuliko mche.

Sasa maji laini utayapata wapi Dodoma, hapo ndo nataka unisikilize vizuri, maana watu wa mikoa ya katikati wanaidharau mvua yao kwa kuwa ni chache. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Ni chache kweli kwa shamba, ila kwa paa sio chache. Kila milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 60 kwa milimita 550 ni lita 33,000, toa yanayomwagika na yanayokauka juu ya bati bado zaidi ya lita 25,000 zinapita juu ya vichwa vyenu zinaenda mtaroni. Huwezi kuhifadhi zote, sawa, lakini gata upande mmoja wa nyumba na simtanki ya lita 2,000 au hata mapipa mawili matatu yanatosha kuanzia. Dakika za mwanzo za mvua acha maji yapite yaoshe vumbi na mavi ya ndege, ndo ukinge. Funika tanki vizuri na kwenye mdomo wa bomba weka wavu, mbu wanapenda sana maji yaliyotulia. Halafu maji hayo uyape kazi maalum, usideki nayo: nguo nyeupe, suuzo la mwisho, kichwa, maharage na chai. Kudeki, kumwagilia bustani na choo endelea na ya bomba.

Kiangazi mvua ikishakata kuna soda eshi, ile wanayotumia watengeneza sabuni, inauzwa kwenye maduka ya kemikali za sabuni. Kijiko cha chai kimoja hadi viwili kwenye ndoo ya lita 20, koroga mpaka iyeyuke, acha maji yatulie hata saa kadhaa, kalsiamu inageuka kuwa chokaa inashuka chini, unamimina maji ya juu taratibu ndo unafulia. Yakiwa ya uvuguvugu inafanya kazi haraka zaidi. Hiyo ni ya kufulia tu, sio ya kunywa wala kuoga, vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, na nguo za sufu na hariri usizitie. Na tafadhali sana dukani usichanganye soda eshi na kostiki soda, kostiki inaunguza ngozi na macho vibaya, ukifika mwambie muuzaji unaenda kufanyia nini.

Hayo mashati yaliyokwisha kuwa kijivu usiyatupe. Loweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa nusu saa hivi, suuza vizuri sana, halafu fua na sabuni ya unga kwa maji ya mvua. Huenda ikabidi urudie. Angalizo moja la muhimu kuliko yote: siki na Jik havikutani kwenye ndoo moja kabisa, vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayobana kifua na kuumiza mapafu.

SWALI: Habari dada, napenda hii safu yenu. Mimi niko Kitui, kwetu tunatumia maji ya kisima na yana ladha ya chumvi chumvi. Githeri yangu inachukua masaa na masaa na makaa yanaisha na maharagwe bado ni magumu. Mama mkwe anasema niweke magadi, sista yangu ako Nairobi anasema magadi ni mbaya. Nimsikize nani?
*Mke wa nyumba mpya, Kitui*

JIBU: Salama kabisa mdogo wangu, na hongera kwa nyumba. Wote wawili wana la kusema, wacha nieleze.

Maharagwe hayaivi kwa sababu ya kalsiamu ileile niliyomwambia mwenzako wa Dodoma. Ndani ya maharagwe kuna kitu kinaitwa pektini, ndicho kinachoshikilia chembe zake pamoja, na maharagwe yakiiva maana yake hiyo pektini imelegea. Kalsiamu ya maji magumu inaingia pale inaikaza, sasa we unachemsha ilegee na maji yanaikaza, unaona vita ilivyo, na makaa ndo yanalipia. Magadi inafanya kazi kwa sababu inaishika kalsiamu na pia inalegeza pektini, kwa hiyo mama mkwe anachosema amekiona kwa macho yake jikoni miaka mingi.

Wasiwasi wa sista nao ni wa kweli. Magadi nyingi ya sokoni inatoka maziwa ya Bonde la Ufa kama Ziwa Magadi kule Kajiado na Ziwa Natron upande wa Tanzania, na maziwa haya yana madini mengi yanayoitwa floridi, kwa hiyo na magadi yake inaweza kuyabeba. Ukila kila siku inachangia meno ya watoto kuwa na madoa ya kahawia. Juu ya hiyo inaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe, na ukizidisha mkono chakula kinakuwa na ladha ya sabuni.

Kwa hiyo dawa ya kwanza iwe maji yenyewe. Chambua maharagwe, yaloweke usiku kucha kwa maji ya mvua, asubuhi mwaga hayo maji, weka mengine ya mvua ndo upike. Lita tatu nne za maji laini kwa sufuria hata wa kisima hashindwi kuziweka. Nyanya usiweke mpaka yaive, asidi ya nyanya nayo inayakaza. Na uliza dukani maharagwe ni ya msimu gani, yaliyokaa gunia mwaka mzima hata maji ya mbinguni yatahangaika nayo. Mnaoishi Kenya ya magharibi mnajua musherekha, ule munyu unaochujwa kwenye majivu, nao unafanya kazi kwa njia hiyohiyo na ndo maana mrenda wenu unaiva laini. Ila tia kidogo tu.

SWALI: Dada habari za majukumu. Nimejenga Kigamboni na nimechimba kisima. Maji ni ya chumvi, vigae vya bafuni vina madoa meupe hayatoki, shawa matundu yameziba na hita imeshaungua. Duka moja wanataka kuniuzia mashine ya kulainisha maji, wanasema itamaliza kila kitu na nitakunywa humohumo. Duka lingine wana kifaa cha sumaku, unakifunga tu nje ya bomba, bei chee. Nipe ukweli dada maana hela ya ujenzi imenikausha.
*Baba mwenye nyumba, Kigamboni*

JIBU: Salama kaka, hongera kwa kujenga. Umeandika mambo mawili ndani ya sentensi moja na hapo ndo wauzaji wanapokushikia: chumvi na ugumu ni vitu viwili tofauti. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu, ndo inakuletea madoa meupe, shawa kuziba na hita kuungua. Ukanda wetu wa pwani sehemu nyingi chini kuna mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu, kwa hiyo kisima kupata ugumu ni kawaida. Ladha ya chumvi ni kloridi na sodiamu, mara nyingi ni maji ya bahari yanayosogea chini ya ardhi, hasa visima vikivutwa sana. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili.

Mashine ya kulainisha ni tangi lenye punje ndogondogo za rezini zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, punje zinashika kalsiamu na magnesiamu zinaachia sodiamu badala yake. Zikijaa, mashine inajisafisha kwa maji ya chumvi nyingi, kalsiamu inatolewa nje kwenye mfereji, kazi inaanza upya, na we unaongeza chumvi kwenye pipa lake kila baada ya muda. Kwa ugumu ni kifaa kizuri kweli na sina sababu ya kukisema vibaya: sabuni itapungua, vigae vitafutika kwa kitambaa tu, hita itadumu. Lakini ladha ya chumvi haiondoi hata kidogo. Inaongeza sodiamu. Maji ya ugumu wa miligramu 300 yakilainishwa hivi yanapata karibu miligramu 140 za sodiamu kwa kila lita, juu ya ile iliyokuwepo. Mtu mwenye presha aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, au mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, hayo sio maji yake. Kwa hiyo aliyekuambia utakunywa humohumo hajakutendea haki. Chumvi ya ladha inatolewa na mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana, ni wa gharama zaidi na sehemu ya maji unayoyapampu inamwagwa, ila kwa maji ya kunywa na kupikia unatosha mdogo wa chini ya sinki.

Kuhusu sumaku. Sumaku haitoi kalsiamu kwenye maji, kilichoingia ndicho kinachotoka. Mwambie muuzaji akifunge kwa siku chache bila malipo, halafu fanya lile jaribio la chupa mbili na sabuni ya mche, maji kabla ya kifaa na maji baada ya kifaa. Povu litakupa jibu na hakuna maneno ya dukani yatakayolibadilisha.

Ningekuwa na kisima chako ningeanza na maabara ya maji ya mkoa kabla ya duka lolote. Waombe wapime ugumu, kloridi, sodiamu, floridi, chuma, naitreti na vimelea vya kinyesi. Ukishapata ile karatasi ndo ukae na fundi. Ukikuta ugumu uko juu ya 180 na kloridi ni ya kawaida, mashine ya kulainisha inakufaa. Hata hapo usiilainishie nyumba nzima, mwambie fundi bomba aiunganishe na hita, bafu na mashine ya kufulia tu, bomba la jikoni la kunywa na la bustani yabaki nje ya mashine, sodiamu ikizidi inaharibu udongo na mimea inakauka. Ikiwa kloridi ndo imepanda sana, mashine hiyo itakuwa hela ya bure, bora ukinge mvua na ununue RO ndogo.

Wakati unajipanga: hita ishushe isizidi nyuzi 60, juu ya hapo chokaa inaganda haraka zaidi kwenye koili, na koili ikivikwa chokaa joto halitoki kwenda kwenye maji, inajipika yenyewe mpaka inakatika, na luku inaisha bila sababu. Kichwa cha shawa kifungue, kilaze usiku kwenye siki, asubuhi kisugue kwa mswaki wa zamani. Vigae futa kwa siki iliyochanganywa na maji kisha suuza, ila kama ni marumaru ya jiwe halisi usithubutu, siki inaila marumaru.

SWALI: Shikamoo mama. Huku kwetu Arumeru sabuni inatoa povu zuri tu, nguo zinatakata, birika halina chokaa. Si ndo tunayo maji bora kuliko wote?
*Kijana wa chuo, Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu, nashukuru umeuliza, maana barua zote za leo zingeweza kumwacha mtu anaamini maji laini ni maji salama. Sio lazima.

Maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru na Kilimanjaro maji yamepita kwenye miamba ya volkano, yanakuwa na kalsiamu kidogo na sodiamu nyingi, na hapohapo floridi nyingi. Hivyo vitu viwili vinakwenda pamoja: kalsiamu ikiwepo ya kutosha huwa inaikamata floridi na kuishusha, ikikosekana floridi inabaki inaelea kwenye maji. Ndo maana maji yenu yanaweza kutoa povu zuri kabisa na bado yakaharibu meno ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na huko kuna vyanzo vinavyopita hapo mara nyingi. Yale meno ya kahawia mnayoyaona kwa watu waliokulia huko ni hiyo, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo na miguu inapinda.

Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hiyo inakuwa nzito zaidi. Klorini haisaidii. Kinachosaidia ni kichujio cha mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto hapohapo kwenu kimeifanyia kazi miaka mingi, au kutumia maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Kama nyumbani kuna watoto chini ya miaka 8 wao wapewe kipaumbele, huo ndo umri meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi. Wenye hela ya ndoo moja tu ya maji salama kwa siku, hiyo ndoo iwe ya watoto.

SWALI: Dada, nawasoma nikiwa London. Kabla ya hapa tulikaa Glasgow na ngozi ya mwanangu ilikuwa nafuu, tulipohamia huku pumu ya ngozi imemzidi na nywele zangu zimekuwa kavu sana zinakatika. Watu wananiambia ninunue mashine ya kulainisha maji. Ni ghali, lakini kwa mtoto nitatafuta.
*Mama wa Kitanzania, London*

JIBU: Pole sana mpenzi, mtoto akijikuna usiku kucha mama halali. Maji kweli mmebadilisha: Glasgow inakunywa maji ya ziwa la Loch Katrine tangu mwaka 1859 na ni maji laini sana, London imekaa juu ya miamba ya chokaa na maji yake ni magumu.

Lakini kabla hujakopa nataka ujue jambo hili. Hapohapo Uingereza watafiti waliwachukua watoto 336 wenye pumu ya ngozi iliyokuwa ya kati au kali, wanaoishi kwenye maeneo ya maji magumu kama wewe, nyumba nyingine wakawafungia mashine nyingine wakaziacha kwanza, wakafuatilia wiki 12. Matokeo yalitoka mwaka 2011: wenye mashine hawakupona zaidi ya wasio na mashine. Kwa hiyo hela ya mwanao isiende huko. Kinachomuumiza zaidi kwenye maji magumu ni sabuni, inahitajika nyingi na mabaki yake yanaganda kwenye ngozi, basi ondoa sabuni kabisa kwenye kuoga kwake, tumia krimu ya kuogea aliyoandikiwa na daktari, maji ya uvuguvugu yasiwe ya moto, na akitoka tu kabla hajakauka mpake mafuta yake mazito. Nguo zake zisuuze mara mbili. Na mrudishe kwa daktari aangaliwe upya, inawezekana dawa inahitaji kubadilishwa.

Nywele zako ni rahisi zaidi. Utando wa kalsiamu unajishika kwenye unywele, unaukausha na kuufanya ukwaruzane na mwenzake. Baada ya kuosha mimina maji yenye vijiko viwili vya siki kwa lita moja, kaa dakika chache, suuza, weka kondishona. Fanya mara moja kwa wiki mbili, usifanye kila siku.

MASWALI MAFUPI

Nikiweka shabu au WaterGuard maji yatakuwa laini? *(Morogoro)*
Hapana. Shabu inashusha tope, WaterGuard ni klorini inaua vijidudu, kalsiamu wote wawili hawaigusi. Kila moja ina kazi yake na maji ya tope yenye vijidudu yanazihitaji, ila povu halitaongezeka.

Ni kweli maji magumu yanaleta mawe kwenye figo? *(Mtwara)*
Hofu hii ipo kila kona, lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya, na kalsiamu na magnesiamu ya kwenye maji mwili unaitumia. Mawe yanafuata zaidi mtu anayekunywa maji machache huku anatoka jasho, na anayekula chumvi nyingi. Kunywa maji ya kutosha, hata kama ni magumu, mradi yametibiwa. Ambaye ameshawahi kutolewa mawe amfuate daktari wake.

Assalaam alaykum dada. Chai ya rangi nikiimimina inafanya utando juu kama wa mafuta na kikombe kinabaki na duara jeusi. Mdalasini ni uleule na majani ni yaleyale. *(Unguja)*
Waalaykum salaam. Utando huo sio mafuta, ni viungo vya majani ya chai vimeungana na kalsiamu ya kisima chako. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya chokaa na ugumu wa maji ya namna hiyo sehemu kubwa ni ule unaotoka kwa kuchemsha. Kwa hiyo chemsha maji peke yake dakika kadhaa, yaache yatulie unga mweupe ushuke, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine ndo utie majani. Ukiwa na haraka kamulia limao, utando unapotea hapohapo.

Nitoeje chokaa kwenye jagi la umeme bila kulikwaruza? *(Tabora)*
Tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka yafunike chokaa, pasha moto bila kuchemsha, chomoa waya, acha saa moja. Utaona vipovu vidogo vinapanda, ndo chokaa inayeyuka. Huna siki, tumia malimao matatu manne. Mwaga, suuza, chemsha maji safi mara mbili uyamwage ndo upikie chai. Ukiona chini kumeanza kuwa kweupe tena rudia mapema, tabaka jembamba linatoka kirahisi, likishakuwa nene linahitaji siki nyingi.